Ijumaa bila nyama Kigombe: Ukristo, wanyama na chakula cha mimea

Kila Kwaresima inapoingia, kuna swali moja ambalo hurudi kwenye simu za kipindi chetu. Safari hii limetoka kwa mama mmoja wa Kigombe: "Mimi ni Mkatoliki. Nyumbani kwangu nyama tunaila sikukuu, siku zote ni samaki na dagaa. Padri akisema Ijumaa tusile nyama, mimi nimefunga nini?"

Hewani tulikuwa na dakika chache tu, na swali lake linahitaji zaidi ya hapo. Ndani yake kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kufunga, afya na huruma kwa wanyama. Makala haya yanayatenganisha moja moja, kisha yanarudi kwa mama yetu na jiko lake.

Kwa wasioifahamu, Kigombe ni kata ya Wilaya ya Muheza iliyo kando ya bahari, katika barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Ni kijiji cha wavuvi, na pia kina shamba la mkonge. Wenyeji wengi ni Waislamu. Wakristo nao wapo, kwani mashamba ya mkonge ya Tanga yalileta vibarua kutoka mbali, wakiwemo Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe na Wamakonde. Ndiyo maana katika kijiji kimoja unaweza kukuta Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri na Msabato, na kila mmoja ana kanuni yake kuhusu sahani.

Maandiko yanasema nini?

Wanaotetea chakula cha mimea huanza na Mwanzo sura ya 1, aya ya 29 na 30. Hapo Mungu anawapa wanadamu mbegu na matunda kuwa chakula, na wanyama anawapa majani. Katika bustani ile ya mwanzo hakuna kuchinja. Ruhusa ya kula nyama inakuja sura ya 9, baada ya gharika, nayo ina mpaka: damu isiliwe, kwa sababu damu ni uhai. Nabii Isaya, sura ya 11, anapoeleza ufalme wa amani anamchora simba akila majani kama ng'ombe. Kwa hiyo Biblia ina picha ya mwanzo na picha ya mwisho ambazo hazina umwagaji damu, na katikati yake kuna ulimwengu tunaoujua, wenye visu na nyavu.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Luka sura ya 24 inasema kwamba Yesu alikula samaki wa kuokwa mbele ya wanafunzi wake baada ya kufufuka. Wanafunzi kadhaa walikuwa wavuvi. Paulo, katika Warumi sura ya 14, anazungumzia waumini wanaokula mboga tu na wale wanaokula kila kitu, na anawataka wasihukumiane. Ni vigumu kutoka hapo na kusema kwamba kula samaki ni dhambi.

Kuhusu namna ya kumtendea mnyama, hata hivyo, Maandiko hayana utata. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Kutoka 23 inaagiza kwamba ukimkuta punda wa adui yako ameelemewa na mzigo, umsaidie kwanza, ugomvi wenu usubiri. Sura hiyohiyo inampa ng'ombe na punda siku ya mapumziko. Kitabu cha Yona kinafika mwisho kwa Mungu kuwahurumia watu wa Ninawi na wanyama wao wengi.

Tuseme basi kwamba Biblia inamruhusu Mkristo kula nyama, lakini haimruhusu kumtesa mnyama. Watu wengi huishika nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kila kanisa na sahani yake

Wakatoliki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1251, inaagiza kutokula nyama siku za Ijumaa. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu huongezwa kufunga. Kujinyima nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14. Kufunga kunawahusu watu wazima mpaka wanapoingia mwaka wa 60. Waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1966 uliweka wazi kuwa mayai na maziwa haviingii katika katazo hilo. Samaki naye hahesabiwi kuwa nyama. Kwa Mswahili hili si geni, kwani hata sokoni tunasema "nyama na samaki" kama vitu viwili. Lengo la kanuni hii ni toba. Anayejinyima anamkumbuka Kristo aliyekufa siku ya Ijumaa, na ng'ombe hatajwi.

Waanglikana. Katika eneo letu wanatokana na misheni ya UMCA, iliyokuwa na kituo chake Magila, Muheza, tangu karne ya 19. Misheni hiyo ilikuwa karibu na desturi za Kikatoliki. Hata Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha zamani kinaziorodhesha Ijumaa na Kwaresima kuwa siku za kufunga au kujinyima.

Walutheri. Wana nguvu kubwa milimani Usambara. Wao humwachia muumini uhuru zaidi. Kwaresima kwao ni kipindi cha tafakari, na mtu huchagua mwenyewe cha kuacha.

Wasabato. Waliingia nchini mwaka 1903 kupitia milima ya Upare, jirani zetu wa upande wa kaskazini-magharibi. Wanafuata orodha ya Mambo ya Walawi sura ya 11, inayoruhusu wa majini mwenye mapezi na magamba tu. Kwa Msabato wa pwani hiyo ina maana kwamba changu, tasi na chewa ni halali kwake, lakini pweza, ngisi, kamba, kaa na taa hawagusi. Tangu mwaka 1863, mwanzilishi mwenza wa kanisa hilo, Ellen White, alifundisha kwamba kutunza mwili ni sehemu ya ibada. Chakula cha mimea hupendekezwa, ingawa si sharti la kuwa muumini. Mfano wao mkubwa ni Danieli na wenzake, waliokula mboga na kunywa maji katika nyumba ya mfalme wa Babeli wakaonekana na afya kuliko wenzao. White hakuishia kwenye afya. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji aliandika pia juu ya mateso ya wanyama wanaosafirishwa kwenda machinjioni.

Waorthodoksi. Hawa ndio mabingwa wa chakula cha mimea katika Ukristo wa Afrika Mashariki. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka kuna mfungo mkuu wa siku 55. Ukijumlisha mifungo yote, muumini wa kawaida hufikisha siku 180 hivi kwa mwaka, na makasisi huzidi hapo. Siku hizo hakuna nyama, maziwa, siagi wala mayai. Ukiingia hoteli ya Kihabeshi Dar es Salaam au Nairobi ukaagiza chakula cha mfungo, utaletewa injera na mchuzi wa dengu, shiro na mboga za aina nyingi. Mamilioni ya Wakristo wanakula hivyo nusu ya mwaka, na wameishi hivyo kwa karne nyingi kabla neno la kigeni la kuita ulaji huo halijafika kwetu.

Pweza mmoja, hukumu nne

Ukitaka kuona jinsi kanuni hizi zinavyotofautiana, mchukue pweza. Kigombe, maji ya bamvua yanapokupwa, akina mama na vijana huenda miambani kumtafuta.

Mkatoliki anaweza kumla Ijumaa Kuu, kwa sababu si nyama. Mwanglikana anayefuata desturi hiyo naye anaweza. Msabato hamli siku yoyote, kwa sababu hana magamba. Mwothodoksi wa mapokeo ya Kigiriki hufunga hata samaki, lakini pweza anamla katika mfungo, kwa hoja kwamba hana damu kama ya samaki. Kumbuka kwamba Wagiriki walikuwa miongoni mwa wenye mashamba ya mkonge mkoani Tanga, kwa hiyo desturi hiyo si ya mbali kama inavyosikika.

Katika hukumu zote nne hakuna aliyeuliza swali moja: pweza mwenyewe anaumia? Sayansi imelichukua swali hilo kwa uzito. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayotambua kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wana hisia, na ikawaongeza pweza, ngisi, kaa na kamba baada ya wataalamu kupitia ushahidi. Tena pweza ana damu, ila yake ni ya rangi ya samawati.

Sisemi Waorthodoksi wamekosea. Kanuni yao ilitungwa kumfundisha mtu kujizuia, na kazi hiyo inaifanya. Ninachosema ni kwamba kanuni ya kufunga haiwezi kubeba kazi ya huruma. Mtu anaweza kushika mfungo wote bila doa, na njiani akawa amebeba kuku kumi waliofungwa miguu, vichwa chini, kwenye usukani wa bodaboda, jua la saa saba likiwawakia. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba hivyo. Nilikuwa natoka mnadani kwenda kwenye sherehe ya kipaimara, na wala halikunijia wazo kwamba kuna tatizo.

Huruma ilitoka wapi?

Harakati za kisasa za kuwatetea wanyama zina mizizi ndani ya kanisa. Mwaka 1824, jijini London, kasisi wa Kianglikana Arthur Broome aliitisha mkutano uliozaa chama cha kwanza cha kitaifa cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Miongoni mwa walioshiriki alikuwa William Wilberforce, yule mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Sisi wa pwani hii, ambako Pangani ilikuwa bandari ya kusafirishia watumwa, tunajua uzito wa jina hilo. Watu hao waliona kwamba moyo unaozoea kumpiga kiumbe asiyeweza kujitetea hauishii kwa punda.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inaruhusu kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini inasema kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume na utu wa mwanadamu mwenyewe. Papa Fransisko alilirudia hilo katika waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa dunia, Laudato Si'.

Serikali nayo ina neno lake. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Sheria hiyo inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inagusa utunzaji wake, usafirishaji wake na uchinjaji wake. Wataalamu wa mifugo hupima ustawi kwa mambo matano: mnyama asipate njaa na kiu, asikae katika mazingira ya shida, asiachwe na maumivu au ugonjwa, asiwekwe katika hofu, na aweze kuishi kwa tabia yake ya asili. Kuku wa kwenye usukani anakosa karibu yote kwa mpigo.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio huchinja nyama nyingi inayoliwa Tanga, wana mafundisho ya wazi kuhusu hili: kisu kinolewe vizuri, na mnyama apewe wepesi anapochinjwa. Suala la nani achinje limewahi kuleta maafa nchini. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa aina hiyo ulimalizika kwa kifo cha mchungaji. Pwani tumezoea kuishi pamoja, na pengine tungepata faida zaidi tukiulizana mnyama amechinjwa vipi kuliko kuulizana amechinjwa na nani.

Na bahari je?

Kigombe haiwezi kuzungumzia wanyama bila kuzungumzia samaki. Pwani ya Tanga iliteseka kwa miaka mingi kwa uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua aliyetafutwa na asiyetafutwa, huua vifaranga vya samaki na kuvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua tena.

Kuanzia mwaka 2004, wavuvi wa pwani hii, Kigombe ikiwemo, walianza kunasa silikanti katika majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu. Huyu ni samaki ambaye wanasayansi walimdhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hakuwa analengwa, alinaswa tu. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ambayo eneo lake linafika Kigombe.

Kwa mvuvi Mkristo, hapa ndipo huruma inapokuwa jambo la kila siku. Kutumia nyavu halali ni sehemu ya imani yake, na kuheshimu maeneo ya hifadhi pia. Hata pweza, akishapatikana, achomwe haraka kati ya macho afe mara moja, badala ya kuachwa afie juani. Kumponda ili alainike kungoje baadaye.

Chakula cha mimea kwenye jiko la pwani

Wengi wakisikia chakula cha mimea hufikiria vitu vya supamaketi. Pwani tunacho tayari: mbaazi za nazi, kunde, choroko, maharage, kisamvu cha karanga, matembele, mchicha, mlenda, shelisheli, magimbi, na bada la muhogo ambalo Watanga hawana haja ya kuelezwa. Tatizo ni kwamba tumelipa jina la chakula cha shida. Mgeni akija akapikiwa mbaazi, mwenye nyumba huomba radhi.

Kuna tahadhari za kweli, na tuziseme bila kuficha.

Kwanza, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kwa familia nyingi tatizo ni kukosa protini, wala si kula nyama kupita kiasi. Mtu asimwondolee mtoto yai au dagaa kwa jina la dini bila kuweka kitu kingine mahali pake.

Pili, bada na mboga za majani pekee havitoshi. Muhogo una protini kidogo sana. Ongeza kunde, mbaazi au karanga. Mihogo michungu ilowekwe na kukaushwa vizuri kabla ya kuwa makopa, na kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu vina sumu ya asili.

Tatu, madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na mboga huingia mwilini vizuri zaidi ukila pamoja na tunda chachu. Chungwa la Muheza linafanya kazi hiyo. Chai ya rangi wakati wa chakula hupunguza faida hiyo, kwa hiyo ngoja kidogo kabla ya kuinywa.

Nne, vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa kwa muda mrefu aongee na mhudumu wa afya kuhusu vidonge au vyakula vilivyoongezewa virutubishi. Wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na watoto wadogo wasijiingize humo peke yao. Makanisa yenyewe huwasamehe mfungo.

Turudi kwa mama yetu

Je, amefunga nini? Kwa herufi ya kanuni, akila samaki Ijumaa ametimiza. Lakini yeye mwenyewe ameona kwamba kitu kisichokuwepo hakiachwi. Kanuni ya 1251 nayo imeliona hilo. Inasema nyama, au chakula kingine kitakachoelekezwa na baraza la maaskofu, kwa sababu Kanisa linajua kwamba mlo wa kila siku haufanani duniani kote.

Mwenye samaki kila siku anaweza kuacha samaki. Ijumaa hiyo apike mbaazi za nazi na bada, na fedha ya kitoweo aiweke pembeni. Isaya sura ya 58 inasema mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Zamu hii samaki wamepumzika, jirani amekula, na yeye amejinyima kitu anachokijua ladha yake. Asiyeweza kufanya hivyo kwa sababu ya afya au kipato, hana deni.

Na kwa ajili ya wanyama, hakuna haja ya kungoja Kwaresima. Siku nyingine ukinunua kuku mnadani, mweke kwenye tenga lenye hewa. Mpe maji. Mwambie kijana wa bodaboda aende polepole.

Tulipompigia mama yule kumsomea majibu haya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mbaazi za kopo zinahesabika. Tulimwambia zinahesabika, ila za kuchemsha mwenyewe ni tamu zaidi.